Chanya ya nini? Mama wa Maabara ajibu barua zenu

Mwezi huu baridi imetushika kweli. Barua zenu nimezisomea jikoni hapa Uyole, karibu na jiko la mkaa (mlango nimeuacha wazi, msinisute), na nne kati yake zinazunguka jambo lilelile: protini za damu zinatenganishwaje, na karatasi ya majibu inasema nini hasa. Kazi hiyo niliifanya miaka 31 kabla ya kustaafu. Wa vidonda vya tumbo na wa minyoo watanisamehe, zamu yao ni mwezi ujao.

Wameniambia "chanya", na uchumba umeanza kulegea

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu Iringa, kwetu ni Kyela, nina miaka 27. Mimi na mchumba wangu tulienda kupima kabla ndoa haijatangazwa kanisani. Karatasi yangu imeandikwa "siko seli: chanya", yake "hasi". Mama yake sasa anasema mimi ni mgonjwa na nitamzalia wajukuu wagonjwa. Sijawahi kulazwa wala kuongezewa damu, na wingi wa damu yangu ni 12.8. Nimesikia kuna kipimo kingine cha umeme. Kina tofauti gani na hiki? Na je, watanipiga shoti?*

Marahaba mwanangu. Shoti hupigwi. Umeme unapitishwa kwenye tone la damu lililokwisha kutoka mkononi mwako, wewe ukiwa umeshapanda daladala unarudi kwa wanafunzi wako.

Hiyo karatasi yako imenikera, na si kwa sababu yako. Neno "chanya" peke yake, bila kusema kipimo gani kimefanyika, ni uvivu wa mwandishi. Ninavyokisia, walichukua tone la damu, wakalichanganya na dawa inayonyang'anya oksijeni, wakalifunika kwa kioo chembamba, wakaziba kingo, wakasubiri, kisha wakachungulia kwa hadubini kama chembe nyekundu zinajikunja mithili ya mundu. Au walitumia kile kipimo cha kichupa: damu inatiwa kwenye maji ya dawa, nyuma yake wanaweka karatasi yenye mistari, na maji yakiwa mazito kama maziwa hata mistari haionekani, basi ni chanya. Vyote viwili ni vipimo halali, vya haraka, vya bei nafuu. Lakini vinajibu swali moja tu: hemoglobini S ipo au haipo? Kama umerithi S moja kutoka kwa mzazi mmoja, au mbili kutoka kwa wote wawili, havijui. Mtu wa AS (A moja, ile ya kawaida, na S moja) ambaye ni mzima kabisa na mgonjwa wa SS wote wanaandikiwa neno hilohilo.

Ndipo inapoingia elektroforesisi, yaani kutenganisha protini kwa umeme. Hemoglobini yako na yangu ni protini, na kila protini ikiwa ndani ya maji yenye kiwango fulani cha pH (kipimo cha uchachu) hubeba chaji ya umeme. S inatofautiana na A kwa kitu kidogo mno. Mmoja wa minyororo inayoiunda, wa beta, una asidi amino 146 (ndizo tofali za protini), na iliyobadilika ni ya sita tu: mahali pa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, imekaa valini, isiyo na chaji. Vernon Ingram alilionyesha hilo Uingereza mwaka 1957. Miaka minane kabla yake, 1949, Linus Pauling na wenzake Marekani walikuwa wameshaona kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa siko seli haitembei sawa na ya watu wengine ikiwekwa kwenye umeme.

Wewe wa Iringa unaijua Kitonga. Chukua malori mawili, mzigo sawa, matairi sawa, ila moja injini yake imepungua nguvu kidogo. Pale chini Ruaha Mbuyuni yanaondoka pamoja. Yakifika nusu ya mlima hayako pamoja tena. S ni lile lori lililopungukiwa chaji, linaachwa nyuma likielekea upande wa chanya wa betri. A iko mbele.

Kwa mikono ilikuwa hivi. Unaosha chembe nyekundu kwa maji ya chumvi, unazipasua ili hemoglobini imwagike, unadondoshea vitone vyembamba kama unyoya kwenye utepe mweupe wa selulosi asetati uliolowa bafa, maji ya dawa yanayoshikilia pH, ya 8.4 hadi 8.6. Pembeni unaweka damu unayoijua, yenye A, F (ile ya uchangani), S na C (aina nyingine ya kurithi), ya kulinganishia. Volti 350, dakika 25 hivi. Kisha unautumbukiza kwenye rangi nyekundu, unausuuza, na mistari inabaki. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilibadilisha nyaya, nyekundu nikaichomeka pa nyeusi. Vitone tunaviweka karibu na upande wa hasi, kwa hiyo hemoglobini zote zilirudi kinyumenyume zikaishia ndani ya bafa. Niliosha utepe mweupe pe, nikatangaza kwamba wagonjwa kumi na wawili hawana hemoglobini. Mkubwa wangu hakunigombeza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa yako. Ukiwa AS, utaona mistari miwili, wa A mzito kuliko wa S, takribani asilimia 60 kwa 40. Ukiwa SS, A haipo kabisa. Ni S tele na F kidogo. Mtu mwenye 12.8, miaka 27, hajawahi kulazwa, mimi moyoni nishamwandika AS. Lakini usiolewe kwa moyo wangu, kapime. Hospitali kubwa siku hizi nyingine zina mashine za kromatografia zinazofanya kazi hiyo na kutoa asilimia zenyewe, na kuna vipimo vidogo vya kuonyesha mistari kama vya mimba ambavyo vinatenganisha A na S kwa tone la kidole. Chochote kati ya hivyo ni sawa, mradi karatasi iandike herufi mbili, isiandike "chanya".

Na mchumba wako naye apime hivyohivyo. "Hasi" yake inasema S haikuonekana. Haisemi lolote juu ya hemoglobini C, au talasemia ya beta, ambazo kwetu huku si za kawaida lakini zikikutana na S huzaa ugonjwa. Akitoka AA na wewe AS, mama mkwe apewe hesabu hii akiwa amekaa: hakuna mtoto wenu hata mmoja atakayekuwa SS. Kila mimba ina nusu ya kuwa AS kama mama yake, na nusu ya kuwa AA kama baba yake. Mngekuwa AS wote wawili, hapo ingekuwa robo kwa kila mimba ya kupata SS, na mazungumzo yangekuwa mengine.

Mwambie pia kwamba S haikutoka kwenye laana ya ukoo. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha kazi yake iliyoonyesha kwamba wenye AS wana kinga dhidi ya malaria, na kwamba katika Afrika Mashariki S imejaa kwenye joto na mbu, pwani na kando ya maziwa, lakini ni haba kwenye nyanda za juu. Kyela iko chini kando ya Ziwa Nyasa, mpunga na mbu mpaka basi. Mababu zako waliokuwa na AS ndio waliovuka utoto wakakuzaa. Ndaga fijo, asante sana, kwao.

Kwa wengine wanaotaka kupima: aliyeongezewa damu asubiri kama miezi minne, maana chembe nyekundu huishi siku 120 na mashine itasoma A ya mtu aliyechangia. Na mtoto wa chini ya miezi sita, yale maji ya dawa na kile kioo visimhusu, kwa sababu bado amejaa hemoglobini F na S yake inajificha. Yeye anahitaji kipimo cha kutenganisha tangu mwanzo.

Eti viazi vyetu vilitenganisha damu?

*Mama habari za huko. Mimi ni mkulima wa viazi Isyonje. Kijana wangu yuko chuo, ameniambia wazungu walitumia viazi kupima damu. Nimemwambia aache bangi. Nani mkweli?*

Salama baba. Mwombe kijana radhi.

Mtu mwenyewe aliitwa Oliver Smithies, Mwingereza, wakati huo akiwa Toronto, Canada. Alikuwa anahangaika na insulini, na kila akiitembeza kwa umeme kwenye karatasi ya kuchujia ilikuwa inanasa njiani, inajiburuta kama zulia linalokunjuliwa. Akasikia kuna watu wanatumia wanga uliolowa kwenye trei badala ya karatasi, na haunasi. Ubaya wake, ukimaliza inabidi uukate vipande vipande na kila kipande ukipime protini peke yake, na yeye hakuwa na msaidizi. Akakumbuka mama yake akipika wanga wa kunyooshea makola ya baba yake. Ukipoa ulikuwa unaganda mithili ya uji uliosahaulika. Akawaza: nikiupika ukaganda, sitahitaji kuukata, nitautia rangi tu nione mistari. Akaupika, wa viazi. Ilikuwa 1954, na mwaka uliofuata akachapisha.

Na huo uji ulifanya zaidi ya alivyotegemea. Matundu yake ni madogo, kwa hiyo protini kubwa zilikwama na ndogo zikapita, kama chekecheo. Karatasi ilikuwa ikionyesha mistari mitano kwenye seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda), uji wa viazi ukaonyesha mingi zaidi. Leo jeli zimebadilika, nyingine zinatokana na mwani, nyingine ni za kemikali tupu, ila wazo la chekecheo ni lilelile. Mwaka 2007 alipata Nobeli kwa kazi nyingine kabisa, ya panya.

Lumbesa lakini hakuijua huyo. Pakia gunia la kawaida baba.

Wenzangu wamepata mistari mitano, mimi sita

*Shikamoo Mama. Niko mwaka wa pili, chuo cha maabara hapa Mbeya. Tulifanya elektroforesisi ya protini za seramu. Wenzangu wote wamepata mistari mitano. Mimi nimepata wa sita, mwembamba, kati ya beta na gama. Mwalimu kaniambia "kafikirie", kaondoka. Nimefikiria wiki nzima.*

Marahaba. Mwalimu wako nampenda.

Ile mitano unaijua, ila niitaje kwa ajili ya wengine: albumini mbele kabisa karibu na upande wa chanya, nene, zaidi ya nusu ya protini zote, halafu alfa 1, alfa 2, beta, na nyuma kabisa gama, ambako ndiko wanakokaa askari wa kinga. Majina hayo ya Kigiriki tumeyarithi kwa Arne Tiselius wa Uppsala, Sweden, aliyeitenga seramu kwa umeme mwaka 1937 ndani ya mrija wa kioo, bila karatasi wala jeli.

Sasa nijibu kimoyomoyo: chupa uliyotumia ilikuwa na kofia ya rangi gani?

Kama ilikuwa nyekundu, soma aya ya mwisho. Kama ilikuwa zambarau au kijani, huna seramu, una plazma. Damu yako haikuganda, na protini ya kugandisha, fibrinojeni, bado inaelea humo. Ikiwekwa kwenye umeme inakaa palepale ulipoona mstari wako. Kwenye seramu halisi haionekani kwa sababu imekwisha kutumika kutengeneza bonge.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Nikiwa tayari na miaka tisa kazini, na kichwa kimeanza kuvimba, ilikuja sampuli ya mama mmoja. Tulikuwa na foleni, umeme ulikuwa umerudi saa nane mchana baada ya kukatika tangu asubuhi, kila mtu anataka majibu yake. Nikaona mstari mwembamba, mkali, kati ya beta na gama. Nikaandika kwamba kuna protini ya aina moja isiyo ya kawaida, nikasaini. Maneno hayo kwa daktari maana yake ni "tafuta saratani ya uboho". Daktari akaja mwenyewe maabara, akauliza taratibu, "Dada, chupa unayo?" Nikaitoa kwenye friji. Kofia zambarau. Chupa nyekundu zilikuwa zimeisha wodini, nesi akatumia iliyopo, na mimi sikuangalia. Mama wa watu alikuwa amekaa kwenye benchi nje, ameshaambiwa asubiri kitanda. Tulimtoa damu upya, ikaganda nusu saa, nikaizungusha kwenye mashine, nikarudia. Mistari mitano. Nilienda kumwambia mwenyewe pale benchini, akanishika mikono yote miwili akanishukuru, na hilo la kunishukuru ndilo lililonimaliza.

Angalia na rangi ya maji yenyewe. Yakiwa ya waridi badala ya manjano, chembe zimepasuka. Barabara ya vumbi kutoka Chunya na sampuli mfukoni mwa bodaboda inatosha kuzipasua. Hemoglobini iliyomwagika nayo inajichorea mstari wake eneo la alfa 2 na beta, na wanafunzi wanaibatiza majina makubwa.

Kama kofia ilikuwa nyekundu, damu iliganda vizuri, maji ni ya manjano safi, umerudia, na mstari bado upo, basi usifikirie tena. Mpelekee mwalimu leo hii, na muulizie hiyo damu ni ya nani. Mazoezi ya chuoni mara nyingi ni damu za wanafunzi wenyewe.

Protini imezidi, niache maharage?

*Kamwene dada. Nina miaka 66, niko Makambako, nilikuwa seremala. Mgongo unaniuma miezi mitano, nachoka haraka. Nimepima, wameandika protini jumla 104, damu 8.9. Mkojo wamechovya kijiti, protini hakuna. Jirani kasema nimezidisha maharage na nyama, niache. Nimeacha, mgongo bado. Nameza diklofenaki kila siku.*

Kamwene kaka. Kwanza, diklofenaki iweke kabatini leo, mpaka daktari atakapoona figo zako. Anaweza kukupa dawa nyingine ya maumivu.

Pili, jirani yako kakosea kwa nia njema. Maharage yakifika tumboni yanavunjwavunjwa kuwa asidi amino. Hayaendi kuelea kwenye damu yakiwa maharage. Protini za damu mwili unazitengeneza wenyewe, nyingi kwenye ini, na zile za kinga kwenye seli maalumu. Kawaida jumla ni gramu 60 hadi 80 kwa lita. Mtu aliyekaukiwa maji anaweza kupanda kidogo. Lakini 104 haitokani na kiu, wala sahani.

Namba hiyo moja haitoshi. Inabidi itenganishwe ijulikane ni nani kati ya wale watano aliyevimba. Mashine ikisoma ule utepe inachora milima. Kama gama imepanda kwa upana, mteremko wa polepole kama mlima Rungwe ukiuangalia kutoka Tukuyu, maana yake kinga za kila aina zimeongezeka pamoja, na tunatafuta kifua kikuu, VVU, ugonjwa wa ini, maradhi ya muda mrefu. Kama imesimama mahali pamoja, nyembamba na kali kama mnara wa simu, ina maana ukoo mmoja wa seli za uboho umezaliana na unatoa protini ya aina moja tu. Mnara huo wakati mwingine ni mdogo na hauna madhara, mtu anafuatiliwa tu miaka na miaka. Wakati mwingine ni mieloma, ile saratani ya uboho, inayokula mifupa, kushusha damu na kuziba figo. Sisemi unayo. Nasema mgongo wa miezi mitano, damu 8.9 na protini 104 kwa mtu wa miaka 66 havikai pamoja kwenye karatasi moja bila mtu kuuliza swali hilo, na naona hakuna aliyeuliza.

Hicho kijiti cha mkojo nacho kisikutulize. Kinanusa albumini zaidi. Protini ndogo za mieloma zinaweza kupita zimejaa na kijiti kikanyamaza. Mwaka 1845 madaktari wa London walimpelekea mkemia Henry Bence Jones mkojo wa mgonjwa aliyekuwa na maumivu ya mifupa. Ulikuwa na tabia ya ajabu: ukipashwa moto taratibu unachafuka, ukikaribia kuchemka unakuwa safi, ukipoa unachafuka tena. Protini hiyo mpaka leo ina jina lake, na siku hizi tunaitafuta kwa umeme uleule, si kwa sufuria.

Wiki hii, si mwezi ujao, panda basi uende hospitali ya rufaa, iwe Mbeya au Iringa, popote panapokuwia rahisi. Beba karatasi zote. Waombe elektroforesisi ya seramu na ya mkojo, kazi ya figo, kalsiamu, na eksirei ya mgongo. Wakisema kipimo cha kutenganisha hakipo hapo, uliza sampuli inapelekwa wapi na majibu yanarudi lini, na namba ya simu ya kuulizia uandike kwenye karatasi. Kwenye chupa mwangalie nesi: kofia nyekundu. Mguu ukianza kufa ganzi au mkojo ukikataa kutoka, usingoje wiki, nenda siku hiyohiyo.

Miaka hii mieloma ina dawa, na wengi wanaotibiwa wanarudi kwenye shughuli zao kwa muda mrefu. Kitu kigumu ni kufika mapema kabla mfupa haujavunjika.

Maharage endelea kula, kaka. Na ukipata majibu, niandikie herufi na namba zote kama zilivyo, hata usipozielewa.